Benchi la Mbula pale Gazi

Mbula Kimanzi alipopata atachimenti, mafunzo ya kazini ya chuo, tena ya kulipwa, baba yake hakuamini kwamba kuna mtu duniani anayemlipa mwanafunzi. Kazi yenyewe ndiyo ilimchanganya zaidi: kuwahamasisha vijana kuhusu afya ya akili. Jumapili, kanisani kwao Shimba Hills, mzee alisimama wakati wa shukrani akatangaza kwamba binti yake ameajiriwa kuwatuliza wendawazimu wa Kwale nzima, na akaomba aombewe asije akapigwa. Mbula aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Shirika lililomchukua lilikuwa na ofisi ndogo Ukunda, karibu na Kona ya Musa. Msimamizi wake, Beryl, alimkabidhi benchi la rangi ya manjano lililoandikwa "Keti Tuzungumze" na kumpeleka nalo Gazi. Kijana mwenye dhiki angekuja, angeketi, wangezungumza.

Hakuja mtu. Vijana walilipita benchi lile kwa mbali kama wanaopita kaburi, maana nani angekubali mji mzima umwone amekalia benchi la akili? Mbula aliketi peke yake mpaka bibi mmoja mpita njia akamwonea huruma, akamsomea dua.

Aliyekuja kuketi ni Maimuna, muuza viazi karai, naye hakuwa na dhiki yoyote. Alikuwa amekipenda kivuli. Mbula alimwamkia shikamoo, akataka kumweleza kwamba mahali pale ni pa vijana, lakini Maimuna alikuwa ameshatua karai na kukoka moto.

"Marahaba, mwanangu. Wewe fanya yako, nami nifanye yangu."

Sasa vijana wakaja. Aliyekalia benchi alikuwa anangoja viazi, hapakuwa na la kumcheka, na kungoja viazi kunalegeza ulimi. Shida ikawa Maimuna. Msichana mmoja alipoanza kueleza hofu yake ya mtihani, Maimuna alidakia kwamba hofu hiyo ni njaa, na kwamba hata shangazi yake msichana alikuwa vivyo hivyo kabla ya kuolewa. Msichana alichukua viazi vyake akaenda zake. Mbula alimsihi Maimuna, kwa adabu zote, awe anasikia bila kujibu. Maimuna alinuna hadi alasiri.

Kisha akaja Swabir, aliyekuwa kipa wa timu ya mji hadi goti lilipomharibikia. Tangu hapo alikuwa hatoki ndani, na siku hiyo ametoka kwa kuwa mama yake amemtuma viazi. Viazi vilipokuwa tayari hakuinuka.

"Dada, nalala mchana kutwa, na bado naamka nimechoka," akasema. "Hata mpira sitaki kuusikia ukitajwa."

Maimuna alifungua kinywa. Mbula akamtazama. Maimuna, akiwa hana namna nyingine ya kujizuia, aliokota kiazi kilichotoka mafutani sasa hivi akakitia kinywani kizima. Machozi yalimtoka, lakini hakusema neno.

Mbula naye, yote aliyofundishwa yalikuwa yamemtoka. Mwishowe alimwambia Swabir ukweli, kwamba yeye ni mwanafunzi tu na tiba haijui, ila katika hospitali ya Msambweni yuko muuguzi wa ushauri nasaha, na wangeweza kwenda pamoja kesho.

"Utaningoja nje?"

"Nitakungoja."

Swabir akakubali, kisha akasema ana njaa.

Alienda, akaenda tena. Langoni hakurudi, goti lilikataa, lakini alianza kuwafundisha makipa wadogo kudaka, akiwakemea kwa sauti iliyofika mpaka mikokoni. Wenzake walipomtania kuhusu benchi, aliwaambia wakae kwanza waone, na wawili wakakaa.

Beryl alipokuja kukagua, alilikuta benchi limejaa watu na limelowa mafuta. Akamwuliza Maimuna yeye ni nani katika mradi huu. Maimuna alimjibu kwamba yeye ni wa kunyamaza, na kwamba asiione kazi hiyo nyepesi, ulimi wake bado haujapona.