Aliyepanda Kwenye Vumbi

Jumapili moja ya mwezi wa nne nilisimama mbele ya kanisa, mikono nimeinua, nikamwomba Mungu mvua kwa sauti iliyowaliza akina mama wawili. Moyoni nilimwomba asiilete. Nilitaka wiki mbili tu za jua, zitoshe kumwaibisha mtu mmoja.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu dogo la mabati, upande wa Sabaki. Sala za wagonjwa, za msiba, za kubariki nyumba, zote waliniita mimi. Nazipanga. Naanza na shukrani, naingia kwenye toba, ndipo nafika kwenye haja. Sijawahi kusahau jina la mgonjwa.

Kisha akahamia kwetu mjane mmoja kutoka upande wa Ganze, wa umri wa binti yangu wa kwanza, anayelima shamba la mjomba wake ng'ambo ya barabara. Kusoma kwake ni kwa kufuata kidole. Sala yake haimalizi dakika: "Baba, huyu mwanao anaumwa. Wewe wamuona. Sisi twakungoja." Basi, anakaa. Watu wakaanza kumwita yeye. Nami nikaanza kuhesabu. Mwezi mmoja nyumba saba zilimwita, mimi mbili, na moja kati ya hizo mbili ni kwa kuwa yeye alikuwa amesafiri.

Hata muuza samaki wetu, mama Mwislamu wa Mambrui apitaye kila Alhamisi na beseni lake la tasi, aliniuliza mlangoni pangu:

"Yule mwenzenu mwenye dua fupi yuko? Nataka auombee mguu wangu."

"Mimi nipo," nikamwambia.

Akacheka. "Wewe, mwalimu, ukimaliza kuomba samaki wangu watakuwa wameoza."

Nilicheka naye. Siku hiyo sikununua samaki.

Mwaka huu masika yalichelewa. Kwetu kila mkulima anayajua mabishano haya: ama upande mbegu kwenye vumbi, ikutwe na mvua ya kwanza, au ungoje udongo ulowe. Apandaye mapema akibahatika huvuna kabla ya wenzake. Asipobahatika, kindi na kwale hufukua mbegu shimo baada ya shimo, naye hana ya kurudishia. Wengi tulikuwa tunangoja. Jumapili ya kwanza ya kuombea mvua, sala ilipokwisha, yule mjane alisimama kule nyuma.

"Kama tumeomba, tumeomba," akasema. "Mimi kesho napanda mbegu zangu zote."

"Mwanangu," nikamwambia mbele ya watu, "tusimjaribu Mungu."

"Simjaribu, mwalimu. Namwamini."

Kanisa zima likasema amina. Hakuna aliyenitazama. Jumatatu nilipita kwake makusudi, nikamwona peke yake, ameinama, miguu imejaa vumbi hadi magotini, akifukia mbegu kwa kisigino. Nilijua hana nyingine nyumbani. Jumapili iliyofuata, zamu ya kuongoza ikawa yangu, nami nikaomba vile nilivyosema mwanzoni.

Jua likawaka siku tisa nyingine. Sikupata furaha yote niliyoitarajia, lakini siwezi kuandika kwamba sikuipata.

Siku ya kumi, asubuhi, akaja kwangu. Nilimpa kiti, akakaa mkekani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwako?"

"Si nzuri. Kindi wamenimaliza. Nimefukua mistari yote, sikuona hata mbegu kumi. Lakini silo lililonileta. Siku ile nilisimama kwa kiburi. Nilikuwa nakuonea wivu."

"Mimi?"

"Wewe ukiomba, maneno yaja yamejipanga. Mimi sina maneno, ndiyo maana sala yangu ni fupi. Nikasema leo na mimi niwe na langu la kuonekana. Nisamehe."

Sikuhitaji kutafuta neno, kwani alikuwa amekwisha kunitafutia. Ningesema "hata mimi," yakaisha. Badala yake nikatoa sauti yangu ya mwenyekiti: "Mungu amekwisha kukusamehe."

"Jumapili nitasema mbele ya watu."

"Si lazima," nikamjibu upesi. "Toba ni ya moyoni."

Maneno yalikuwa ya busara, sababu haikuwa. Niliona jinsi watakavyozidi kumpenda akisimama. Nilikuwa nimemwonea wivu imani yake; sasa nikamwonea wivu hata aibu yake.

Alisimama Jumapili, akasema yote kwa sentensi tatu. Hakuomba msaada. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia, "Na sisi tuliongoja, usidhani ni hekima. Tuliogopa kindi." Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi ndiye niandikaye kumbukumbu za ibada. Niliandika: "Mama mmoja alitoa ushuhuda."

Mvua ilianza Jumanne alfajiri na haijakatika. Kijiji kizima kiko shambani, maana mahindi yasiyowahi wiki hii hukutwa na jua kabla ya kubeba. Waliompa mbegu wamempa konzi mbili, konzi tatu, kila mtu akibakiza zake. Mimi nilimaliza kupanda jana. Nusu debe ya mbegu imebaki darini, juu ya jiko, na nikimpelekea itanibidi nimweleze kwa nini nimekawia.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nimemwona kutoka barabarani. Zile konzi alizopewa hazikuvuka mistari minne, lakini anaendelea kupiga mashimo, mstari baada ya mstari, na hana cha kutia. Saa hii ninapoandika amefika nusu ya shamba.