Mkono wa Zuhura Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Iringa, nilikabidhiwa ufunguo wa kabati kabla sijaonyeshwa meza ya kukalia. Bosi wangu, Afisa Ustawi, mama wa Kihehe asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Humu mna michoro ya vijana. Mtoto akichora, mchoro ni wake. Wewe unautunza tu." Niliitikia kwa heshima, nikidhani ni taratibu za ofisi kama nyingine.

Wengi walituita walimu wa kuchora, na wengine walitucheka waziwazi. Tiba kwa sanaa haimfundishi mtu kuchora vizuri. Kijana aliyeshindwa kusema jambo anapewa udongo, ngoma au rangi, alitoe kwanza kwa mikono, maneno yaje yenyewe baadaye. Mimi nilipenda zaidi ramani ya mwili. Kijana analala juu ya karatasi pana, zile tulizoletewa kutoka kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mwenzake anamzungushia kalamu kuanzia kichwani hadi vidoleni, kisha mwenyewe anajaza ndani kueleza yeye ni nani.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, kwenye kituo cha vijana, na huko nikampokea Zuhura, binti wa miaka kumi na sita. Vidole viwili vya mkono wa kushoto alivipoteza machimboni Makongolosi, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Lakini vidole sivyo vilivyomleta kwetu. Tangu mama yake azikwe, alikuwa haongei na baba yake. Mzee Saidi, muuza vitenge, alikuja kila Jumamosi na maandazi, akakaa naye kwenye benchi saa nzima, kisha akaondoka.

Baada ya wiki nyingi Zuhura alijaza ramani yake. Kifuani alichora mwanamume asiye na uso, akaandika chini yake: Baba yangu ni huyu. Mama yake, akiwa mahututi, alikuwa amemwambia kwamba Mzee Saidi siye aliyemzaa, na kwamba mzee mwenyewe hajui.

"Anti, nataka nimwambie mwenyewe," alisema. "Akinikataa, anikatae huku namwangalia."

Tukaanza mazoezi ya kuigiza. Mimi nilikuwa Mzee Saidi, yeye alikuwa yeye. Siku za mwanzo alikuwa analia kabla hajafika katikati.

Ndipo Mfawidhi, mkuu wa kituo, akaniita. "Ijumaa tuna wageni na wazazi. Hiyo michoro inaliwa na mende kabatini. Bandika ukutani. Majina kata, basi."

Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba nilitaka wageni waone kazi yangu. Nilikata majina kwa mkasi, kwa uangalifu mkubwa, nikajiona mtaalamu.

Mzee Saidi alipita taratibu mbele ya ukuta, akasimama. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wenye vidole vitatu, kisha akasoma maneno ya kifuani. Zuhura alikuwa amechorwa kwa mwili wake mwenyewe, na mimi nikadhani kinachomtambulisha ni jina.

"Mwalimu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hii ni ya nani?"

"Hatutaji majina, mzee."

"Haya."

Aliacha maandazi kwenye meza ya wageni, akatoka. Zuhura alikuwa mlangoni na aliona yote. Jumamosi, kesho yake, mzee hakuja, wala iliyofuata. Mwishowe shangazi mtu alikuja kumchukua binti, akampeleka Idodi. Zuhura hakuniaga.

Nilipostaafu waliniaga kwa keki na hotuba, wakasema nimewarudishia wazazi watoto wengi. Keki ile niliiacha mezani. Wiki hiyohiyo nilipanda basi kupitia Iringa hadi Idodi, nikamkuta Zuhura kwenye baraza la duka, fundi cherehani, mtu mzima. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano.

"Baba alifariki," alisema. "Shangazi ndiye aliyeniambia, msibani. Mzee alijua tangu nazaliwa. Aliposoma vile akadhani nimechagua yule mwingine, akaona haya kunijia tena. Na mimi nikadhani amenikataa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Yale mazoezi, Anti, yalikuwa yameshanikaa. Nilipanga kumwambia Jumamosi ile."

Wageni walikuja Ijumaa.