Kijistari cha Saa Kumi

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoitazama saa kuliko siku zote za maisha yangu, na ndiyo siku niliyochelewa kuliko zote. Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa.

Nilikuwa nakwenda Nansio, ng'ambo ya ziwa, kumposa Veronika, huyu huyu mke wangu. Barua ya posa ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mkononi nilikuwa na zawadi ya baba yake: saa ya Uswisi, ya kweli, siyo zile zinazomwagwa kwenye turubai. Misimu mitatu nililima mpunga Magu nikiiwaza saa ile. Nilikuwa kijana wa ndoto nyingi. Kichwani nilishamwona Mzee Alfonsi akiivaa kanisani na watu wakigeuka kumtazama. Mzee alikuwa fundi mitambo wa meli, amestaafu, mtu wa kufuata muda, na alishatuma neno: "Huyo kijana aje mwenyewe, nimwone."

Kosa lilianza siku mbili kabla. Niliiangalia saa kwa karibu nikaona kijistari cha saa kumi, pale penye namba nne, kimekaa upande. Kidogo sana, kama unywele. Nikakimbia kwa fundi saa, jirani yangu wa Pasiansi. Akaweka lenzi jichoni, akaitazama, akaisikiliza, akanirudishia.

"Saa nzima hii. Nenda kaoe."

Sikuridhika. Nikamwomba aniazime lenzi yake, nikaifunga uzi na kuivaa shingoni. Hapo ndipo nilipojimaliza, mwanangu. Ukikitazama kwa lenzi, kijistari kinakuwa kama nguzo ya umeme iliyogongwa na lori.

Bandarini asubuhi ile, baba mkubwa na shangazi, waliokuja kuniposea, walipanda meli mapema wakashike viti. Mimi nikabaki chini kwenye benchi, eti kuna mwanga mzuri. Nikafumba jicho moja. Nikawaza: Mzee ataona. Atasema nimemletea saa ya kasoro, basi na mimi mwenyewe nina kasoro.

Baba mkubwa akaita kutoka juu, "Deo! Saa ngapi hiyo?"

Nikaitazama. "Bado!"

Kitambo kidogo, shangazi naye, "We Deo, saa ngapi?"

Nikaitazama tena. "Bado, shangazi!"

Haki ya Mungu, sikuwa nimeona mshale hata mmoja. Nilikuwa naona kijistari tu. Honi ilipolia nikainua kichwa: ngazi imeshavutwa, maji yameshaingia kati yangu na wazee wangu. Shangazi alikuwa ameshika reli, kilemba kinapepea.

"Barua unayo wewe! Tukapose na nini, na midomo?"

Abiria walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilipanda meli ya mchana. Ziwa lilikuwa zuri siku ile, lakini kichwani mimi nilimwona Veronika tu, akiulizwa na ndugu zake, mchumba gani huyu? Nilipofika nikawakuta wazee wangu barazani. Walishakula sato na ugali wa muhogo, walishamaliza habari za mvua, na sasa walikuwa wanatazama miguu yao. Veronika alichungulia mlangoni, macho mekundu, akapotea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Alfonsi hakuniambia nikae. "Nini kimekuchelewesha?"

Nilifikiria kusema homa. Lakini lenzi bado ilikuwa inaning'inia kifuani. Nikasema ukweli wote, nikampa saa, nikampa na lenzi.

Akafumba jicho. Akatazama muda mrefu. Kuku wanachakura uani.

"Ni kweli," akasema. "Kimepinda."

Nikajua nimeshaachwa.

"Mshale unakigusa ukipita?"

"Haukigusi, baba."

"Maji yanaingia?"

"Hayaingii."

"Ungekuwa unakigusa, ningekwambia irudishe dukani, wala usione haya, maana umeilipia kwa jasho. Mimi nimeishi na mashine. Kuna kasoro inayosimamisha meli, na kuna kasoro ya rangi. Hii ni ya rangi." Akatoa lenzi jichoni, akanitazama mimi. "Saa hii imekwambia ukweli asubuhi nzima. Nani hakuisikiliza?"

"Mimi, baba."

"Haya. Sasa ni saa ngapi?"

Nikaitazama, na safari hii nikaisoma. "Saa kumi na moja na dakika ishirini."

"Ameona mishale," Mzee akamwambia shangazi, na tabasamu likaanza kumtoka. "Leteni hiyo barua."

Shangazi akapiga vigelegele kabla hata bahasha haijafunguliwa, ikabidi aombwe asubiri. Ndani nikamsikia Veronika anacheka, huku bado anavuta kamasi.

Saa ile Mzee anaivaa mpaka leo. Mshale mfupi ukikifikia kijistari ndiyo wakati wake wa chai, na wajukuu hugombania kukionyesha kwa kidole. Siku moja fundi alitaka kukinyoosha. Wajukuu walilia, akaacha.

Sasa mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukinunua kitu kizuri kwa jasho lako, kikague bila aibu. Kama kasoro yake inazuia kazi, kirudishe. Kama haizuii, weka lenzi chini, kivae, nenda unakokwenda. Na watu ni vivyo hivyo. Huyo utakayempenda atakuwa na kijistari chake mahali fulani, na wewe una chako. Usikae bandarini ukikikagua wakati mwenzako anakungoja ng'ambo.

Mungu akupe vitu vizuri, akupe na macho ya kuvifurahia. Uwahi kila meli yako, mwanangu, na kila utakaposhuka ukute kuna mtu amekuwekea chai.