Mama Waya

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu alifundisha chuoni somo la kumhoji mtu aliyefiwa bila kumwongezea uchungu. Wanafunzi wake wa ustawi wa jamii walijua kujibu maswali. Kuuliza ndiko kulikowashinda. Walimhoji mfiwa kama karani anayejaza fomu.

Kwa hiyo kila Jumanne alimleta dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada aliketi mbele ya darasa, wakamhoji kuhusu binti yake aliyefariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Hakuigiza. Alieleza jinsi asubuhi ile mtoto alivyovaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akakataa katakata kurekebishwa. Wanafunzi walijifunza kunyamaza. Naye alijifuta uso, akarudi kazini kwake.

Ndipo idara ikaleta programu ya akili bandia ya kufanyia mazoezi ya mahojiano. Mwalimu akatakiwa kuiandikia kisa cha mama mfiwa. Kila alichobuni kilikuwa kikavu, basi akaandika cha dada yake, viatu na yote, akabadilisha jina la mtoto tu. Hakuomba ruhusa. Alijiambia anampumzisha, nani apendaye kutoneshwa kidonda kila wiki?

Mashine ilifanya kazi vizuri. Ukiiuliza kwa pupa ilifunga mdomo, kisha ikakuonyesha ulipokosea. Wanafunzi waliibatiza Mama Waya, wakatania kwamba umeme ukikatika, mfiwa anapata nafuu. Msichana mmoja mwoga, ambaye mbele ya Dada hakuwahi kufungua kinywa, alirudia mazoezi mara arobaini mpaka akaweza.

Mwalimu alimwambia Dada asisumbuke kuja tena, bila kueleza sana. Jumanne ya tatu Dada akaja vilevile, kumletea sketi aliyompunguzia kiuno. Alipofika mlangoni alisikia spika ikisema kwa sauti ya mwanamke, "Mwanangu alivaa viatu kinyume, nikamwacha tu."

Dada alisogea mpaka mezani. Wanafunzi wakampisha. Akaiuliza mashine kwa upole, "Mwanao aliitwa nani?"

Ikataja jina.

"Si yeye," Dada akasema, akaweka sketi juu ya kiti na kutoka.

Mwalimu alimkuta kwenye ngazi. Alimwomba radhi, akasema alidhani anampumzisha.

"Nani alikuambia nimechoka?" Dada aliuliza. "Nyumbani nikimtaja, shemeji yako anawasha redio. Mama anaanza habari za mvua. Na wewe, mdogo wangu, unaangalia simu. Walioniuliza habari zake ni hawa watoto wa watu tu."

Ilikuwa kweli, na Mwalimu alijua.

Jioni ile alikifuta kisa, baadaye akaandika kingine cha kubuni kabisa. Wanafunzi wanaendelea kujifunza kwacho, na wanafaulu. Alimbembeleza Dada arudi darasani; Dada akakataa bila ugomvi. Siku moja Mwalimu alimfuata nyumbani, akavuta kigoda kando ya cherehani, akamwuliza kuhusu mtoto, taratibu, akanyamaza akisubiri.

Dada alisimamisha cherehani. "Umeuliza vizuri," akasema. "Ila sasa sina hamu."

Wanatembeleana bado. Hata hucheka, na Dada bado anamshonea nguo. Mtoto hatajwi.