Visahani Sita vya Mama

Wateja walionunua picha za baba yangu walimwita Mzee wa Maua, na walimsifu kwa rangi zake. Laiti wangejua! Tangu azaliwe, baba hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Waridi na jani lake kwake yalikuwa tope tupu. Alichokijua ni mwanga: unavyoingia dirishani, unavyoteleza kwenye ubavu wa chupa, unavyofia chini ya petali. Rangi zilikuwa za mama.

Kila asubuhi mama alikoroga rangi kwenye visahani sita vya chai, akavipanga kushoto hadi kulia, na baba akachovya kwa mpangilio huo. Kisha mama alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. "We mzee, hilo ua limeugua? Futa!" Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kupitisha picha mara ya kwanza. Baba alinung'unika kwamba hakuoa mke, alioa mkaguzi, nasi tukacheka hadi mbavu zikauma.

Ugonjwa wa ini ulipomlaza mama, daktari alituambia tumrudishe tu nyumbani. Baba hakutaka kusikia. Alinunua mawaridi mekundu, akayaweka kwenye stuli karibu na kitanda, akakoroga rangi mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alinifokea.

"Niache nikosee! Mama yako akiona ataanza kugomba, na akigomba atapata nguvu."

Alichora siku mbili. Mawaridi yakatoka ya kijani, majani mekundu kama nyama buchani. Mwanga tu ndio uliokuwa mahali pake, na ulikuwa mzuri kiasi cha kunitia hasira.

Akamgeuzia mama picha. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Nilisimama mlangoni nikimwomba kimoyomoyo: mtukane, mama, mtukane kama zamani.

"Nzuri," mama akasema. "Usiiguse tena, mume wangu."

Baba hakunigeukia kuniuliza kama rangi zimekaa sawa. Hakuhitaji. Alifuta brashi yake taratibu, akavibeba visahani hadi jikoni, akaviosha kimoja kimoja. Nilimfuata, nikamkuta ameshika cha mwisho, maji yakiendelea kumwagika.

"Waite ndugu zako," alisema. "Waambie waje leo."