Blanketi la Wakwe wa Dada Yangu

Bado nina hasira, na wa kulaumiwa ni mimi. Dada yangu alikuwa anaolewa, na blanketi la viraka la kuwapa wakwe lilikuwa halijashonwa ile mistari ya uzi ya juu ya kushikanisha tabaka zake, inayojipinda bila kugusana. Nilikuwa nimeanza kujifunza juzi tu. Anti Ndinda alishusha meno ya cherehani, yale yanayovuta kitambaa, ili nikisukume mwenyewe kwa mikono.

“Nani aliamua mistari isigusane?” nikamuuliza.

“Mwende, hiyo digrii iache mlangoni. Wageni wamefika Malili. Shona.”

Nikashona. Mara blanketi likawa zito, likaanza kunivuta. Nikasema cherehani ni mbovu. Nikasema Anti anafundisha mambo ya kukariri. Nikalisukuma kwa hasira mpaka pembe ya mwisho.

Wakwe wakaingia. Nikainuka kuwasalimia, na blanketi likainuka nami. Marinda ya gauni langu yalikuwa yamejikunja chini yake, nami nimeyashonea humo humo, mistari mizuri isiyogusana. Magoti yangu yalikuwa wazi.

Mama mkwe akanitazama, kisha akamgeukia Anti.

“Kwani tunapewa wasichana wawili?”