Kaburi Lililokaa Mshazari

Wazazi wangu walipotoka Unguja hawakuja Maskati moja kwa moja. Walipitia Uingereza, wakakaa miaka michache katika kijiji cha mashamba chenye kanisa moja, na huko wakamzika kaka yangu akiwa bado mchanga. Kasisi aliwapa pembe ya makaburi ya kanisa, kwani hapakuwa na pengine.

Basi mwaka jana, bibi mmoja wa Kizungu alipopiga simu kutoka hoteli ya Qurum, hapa hapa Maskati, akasema anaandika historia ya kijiji hicho, amesikia tuliwahi kukaa huko na angependa kuja kwetu Darsait, damu ilinichemka. Historia gani ya kuipandia ndege? Mama alisema neno moja tu: "Wanataka kumfukua mwanangu."

Alikuja na keki. Nikammiminia kahawa na kumwekea halwa, maana mgeni ni mgeni, lakini sikumwamini hata chembe. Akasifu halwa, akasifu mapazia, akasifu paka. Mtu anayesifu mpaka paka ana lake jambo. Kila alilouliza nilimtafsiria mama, na jibu lilikuwa lile lile.

"Mwambie n'shakuwa mzee miye, sikumbuki kitu."

Mwishowe akatoa picha. Makaburi yamepangwa safu, yote yameelekea upande mmoja, ila moja dogo pembeni limekaa mshazari. Akacheka kidogo. Wazee wa kijiji, alisema, husimulia kuwa mchimbaji siku hiyo alikuwa amelewa. Sasa wanayasafisha makaburi, na jiwe lile watalinyoosha lilingane na mengine. Jina limefutika, ndiyo maana anauliza ni la nani.

Niliona mtego. Tukikiri, nani ajuaye watakuja na lipi jingine, tukikana, watamgeuza kaka yangu pamoja na jiwe lake. Nikamtazama mama anipe la kusema.

Hakuningoja. Aliweka kidole juu ya kile kikaburi, akasema kwa Kiingereza, lugha ambayo maishani mwangu sikuwahi kumsikia akiitamka:

"Ni mwanangu. Baba yake alimchimbia mwenyewe, akamlaza kwa ubavu wa kulia, aelekee Kibla. Hakulewa mtu. Mwacheni alivyo."

Bibi aliweka kalamu chini, akasema hawatamgusa. Mama akaendelea kuitazama picha. Kisha akamuuliza kama pale pembeni bado pana baridi vile.